Gari la Marehemu Mzee Faki

Kengeja, Pemba

Baba,

Shikamoo. Nadhani barua hii itakukuta umeshakunywa uji na goti limekuruhusu kutoka nje kuota jua. Mdogo wangu Zena ameniambia dawa ya kuchua imekwisha na wewe umemkataza kununua nyingine. Naomba umwache anunue. Na macho, je? Nimeandika kwa herufi kubwa ili usome mwenyewe, maana najua ukisomewa unakasirika msomaji akiruka mstari. Sisi huku hatujambo. Khamis yuko na wanafunzi wake, mkwe wangu, mama yake, anakohoa kidogo lakini shambani hakosi, na Nasra amepata nguvu. Anakula, anagombana na wenzake kama mtoto yeyote wa darasa la pili.

Nimeona niandike kwa sababu simu haitutoshi tena. Mara ya mwisho nilipaza sauti mpaka jirani akachungulia, na wewe ukawa unajibu jambo jingine kabisa. Nilichokisikia sawasawa ni hiki tu: "Mmenunua gari la zamani kisiwani, chumvi itakuwa imeshalila." Halafu Zena akachukua simu akasema umetoka nje. Basi nakueleza tangu mwanzo, upate kunigombeza ukiwa unajua unachogombeza.

Ugonjwa wa Nasra unaujua, seli mundu. Maumivu hayapigi hodi. Kwenye masika yaliyopita yalimshika shuleni, mifupa ya miguu na mgongo, tukamtoa hadi barabarani kusubiri gari la abiria, yale malori ya mabenchi yanayopita hapa kwetu. Tulisubiri sana. Lilipokuja watu walitupisha wakamlaza mtoto, lakini gari la abiria husimama kila penye mtu na kila penye mkungu wa ndizi, ndiyo kazi yake, siwezi kulilaumu. Tulipofika hospitali Mkoani mtoto hakuwa analia tena, na hilo ndilo lililonitisha. Daktari hakutugombeza. Alisema tu, "Huyu mkimleta, mleteni mapema."

Kukodi gari la mtu kunawezekana, lakini mwenye gari awe yupo, awe na mafuta, asiwe amekwenda mazikoni Wete. Kwa hiyo karafuu zilipouzwa mwaka huu na Khamis akapata fungu lake, aliniambia, "Ukuta wa jiko usubiri. Tununue gari." Mie sikubisha. Tulitaka gari dogo la familia, milango minne, buti la nyuma, mtoto aweze kulala kiti chote cha nyuma. Hatukutaka la fahari.

La kwanza tulilionyeshwa Chake Chake na dalali mmoja, mtu mcheshi, mchangamfu, anayekuita bibie kabla hajajua jina lako. Gari lilikuwa jeupe pe, linang'aa, ndani linanukia udi. Khamis alilipenda tangu tuko ng'ambo ya barabara, nilimwona usoni. Mie nilifanya ulichonifundisha: kabla sijamaliza kujibu salamu niliweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa la moto.

"Nimelitoa kuliosha sasa hivi," dalali akasema.

"Basi tutakuja kesho asubuhi, tulikute limelala," nikamwambia.

Khamis aliona haya. Njiani aliniuliza kwani mwizi nani hata tumvizie asubuhi. Nikamwambia hakuna mwizi, ila gari likishapashwa moto halisemi ukweli.

Kesho yake tulifika dalali akiwa bado anafungua ofisi yake. Boneti baridi. Lilipigwa funguo mara kadhaa ndipo likawaka, likatoa moshi mweupe uliokataa kuisha. Niliomba lizimwe, nikafungua kifuniko cha rejeta. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, Baba. Oili na maji vimeonana. Nikagonga bodi kwa vifundo vya vidole kama wewe ulivyokuwa ukigonga malori gerejini kule Isevya, na pale juu ya tairi za nyuma paligonga kama ukuta wa udongo. Ni puti tupu chini ya rangi. Nikaomba ruhusa, nikainua zulia la chini ya kiti cha dereva. Kulikuwa na unyevu, na skrubu za kiti zimeota chumvi nyeupe. Gari lile liliwahi kuingia maji ya bahari mpaka vitini.

Dalali hakukasirika. Alicheka. "Bibie, gari la huku lote lina kutu. Hata sisi wenyewe tuna kutu. Hili si la kuoa, ni la kupanda."

Khamis alinyamaza kutwa nzima. Usiombe, Baba, mwalimu akinyamaza. Tulipokuwa tunakula alisema, "Wewe unatafuta gari la peponi." Kwa upande mmoja alikuwa sawa. Fedha ya karafuu ikikaa nyumbani hupata wenyewe: huyu ana harusi, yule ana ada, na wewe mwenyewe unashindwa kusema huna. Kila wiki tuliyochelewa, gari lilikuwa linatukimbia.

Ndipo mwalimu mwenzake mmoja, mtu wa Micheweni, akamwambia kuna mjane Kiuyu anauza gari la marehemu mumewe. Anaitwa Bi Mize. Mumewe, Mzee Faki, alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu, akaacha kazi akiwa mzee, gari likabaki la kuendea misikitini na kupeleka watu hospitali. Bi Mize alikuwa ametoka eda siku zile zile. Khamis hakulitaka gari la marehemu. Alisema watu watazungumza. Nikamwambia watu wanazungumza tukipanda lori, watazungumza tukipanda gari, afadhali wazungumze tumekaa.

Kutoka kwetu hadi Kiuyu ni kukikata kisiwa chote, kutoka kusini kwenye vilima na mihogo hadi kule kaskazini ardhi ya mawe, mahali ukichimba shimo la mnazi unavunja jembe. Tulimkuta Bi Mize kibarazani, mwanamke mrefu, mkavu, macho makali. Kando yake alikuwa mwanawe Seif, mtu mzima mwenye watoto wake, anayelima mwani na mkewe. Gari lilikuwa bandani, limefunikwa mkeka mkuukuu. Rangi ya kijivu imefifia kama sufuria. Niliweka kiganja. Baridi.

Seif akaanza kulisifu. Injini nzuri, haijafunguliwa, mafuta linanusa tu. Bi Mize alimwacha amalize, kisha akaniambia, "Kaa hapa, mwanangu. Mie nnataka nikwambie aibu zake kabla hamjatia mkono mfukoni."

"Mama," Seif akasema.

"Ngoja. Hili si langu peke yangu, ni mali ya mirathi. Marehemu yuko kaburini. Mie siuzi kitu cha maiti na aibu imefichwa ndani, ikaja haki ya mtu kumfuata kule alikolala."

Akaanza kutaja, bila kusita, kama anayesoma uradi. Linajibadilisha gia lenyewe, lakini likiwa baridi linasita kutoka ya kwanza kwenda ya pili, hasa mlimani: ukilikanyagia linaunguruma tu, ukiinua mguu kidogo linashika. Shokapu ya mbele ya kushoto inavuja. Linakula oili, si nyingi, lakini usipotazama litakuaibisha. Marehemu aligonga ng'ombe Konde, taa na boneti si zake za asili. Chini ya miguu ya abiria wa nyuma kuna kutu, limezibwa bati. Kipoza hewa kimekufa zamani. "Na mwani halijapakia ila mara moja," akamalizia, akimtazama Seif, "na siku ile marehemu aliliosha kwa maji ya kisima mpaka magharibi."

Seif alisimama. "Hivyo ndivyo mtu anavyouza kitu? Unawaita watu watoke Kengeja uje umseme baba mbele yao?"

"Nimelisema gari."

"Umesema aligonga ng'ombe. Umesema alizibia bati."

Akatupa funguo juu ya mkeka, akaondoka kuelekea pwani. Tulibaki hatujui pa kuweka macho. Bi Mize akasema, kama kwamba hakuna lililotokea, "Chukueni mkalijaribu. Mtakwenda Micheweni mrudi. Mie ntakaa na mtoto wenu." Maana Nasra tulikuwa naye, na alikuwa ameshamkalia mapajani.

Khamis aliendesha. Gari liliwaka mara moja, moshi kidogo wa buluu, ukaisha. Kwenye mawe ile shokapu iligonga kama alivyosema. Gari likasita kubadilisha gia kama alivyosema, Khamis akainua mguu, likashika kama alivyosema. Usukani ulikuwa umenyooka, breki zinashika pamoja, sindano ya joto ilipanda ikakaa katikati ikatulia. Tulipofika Micheweni nilitandika kanga nikaingia uvunguni, na buibui langu hivyo hivyo. Wanaume wa pale walijikusanya kutazama, mmoja akamuuliza Khamis kama mkewe amedondosha kitu. Kutu ipo, lakini ni ya juu juu, chasi yenyewe ni nzima. Lile bati nililiona, limepigwa ribiti kwa ustadi. Nilitafuta aibu ambayo Bi Mize hakuitaja nisiione. Sisemi haipo. Nasema sikuiona.

Njiani kurudi Khamis alisema, "La Chake hatulijui hata moja. Hili tunalijua lote." Hapo nikajua tumenunua.

Lakini bei, Baba. Khamis alipoketi kuanza kupatana alishika aibu moja moja: hii ya shokapu punguza, hii ya gia punguza, hii ya kutu punguza. Mie nilitaka ardhi inimeze. Mtu amekuwa mkweli kwako, nawe unaugeuza ukweli wake kuwa fimbo. Nikamgusa mguu. Bi Mize aliniona. Akasema, "Mwache. Ndiyo sababu nimeyasema. Ila mwalimu, usipunguze mara mbili kwa aibu moja. Hiyo ya kutu umeshanikata ulipotaja bati." Khamis akacheka kwa haya, na kuanzia pale wakapatana kama watu. Bi Mize akawapigia simu mabinti zake walioko Unguja, ambao ni warithi pia, wakaridhia. Seif naye alipigiwa. Alisema, "Fanyeni mnavyotaka," akakata. Bi Mize akaiweka simu, akasema, "Hiyo kwake ndiyo ndiyo."

Sasa kuhusu gharama, ulizomuuliza Zena. Sitakuficha, gari ni mdomo mmoja zaidi ndani ya nyumba, na halili wali mkavu. Bima na leseni ya barabara ni za lazima. Oili natazama mwenyewe kila Ijumaa kabla ya sala, naongeza kidogo kidogo. Vipuri vingi hapa havipatikani, vinaagizwa Unguja, na lazima uingoje boti, na yule aliyetumwa akumbuke. Vikifika, mara nyingine vimekuja vya upande usio wako. Tairi mbili tumeshabadilisha. Tukirudi kutoka pwani tunaliosha chini kwa maji baridi ya kisima, na uvunguni Khamis amelipaka oili chafu, maana chumvi unayoisema, Baba, ipo, haitanii. Ukuta wa jiko umebaki ulivyo, napika huku mvua inanitazama.

Gharama ambayo hatukuihesabu ni watu. Gari la mwalimu limekuwa gari la mtaa. Mgonjwa wa fulani, mama mwenye uchungu, bibi harusi, sanda inayotakiwa upesi. Mwanzoni Khamis hakuweza kumwambia mtu achangie mafuta. Alikuwa anarudi na sindano ya mafuta imelala. Mkwe wangu ndiye aliyemaliza jambo hilo. Aliwaambia akina mama wenzake kisimani, kwa upole kabisa, "Gari la mwanangu linakunywa kuliko ng'ombe, na mwanangu hana kisima." Tangu siku hiyo watu huja na fedha ya mafuta mkononi. Wasio nayo huleta mihogo, nasi hatukatai.

Faida yake tumeiona mwezi uliopita. Nasra alishikwa adhuhuri, mvua inanyesha, Khamis yuko darasani. Nilituma mtu amwite, akaja mbio, tukamlaza mtoto kiti cha nyuma nimempakata kichwa. Gari lilikuwa limelala tangu jana yake, baridi. Tulipoukabili mlima baada ya kutoka kijijini likaanza kuunguruma bila kwenda. Kama tungekuwa hatujui, Khamis angelikanyagia kwa hofu, na gia tungeimaliza pale pale, na mvua ile, na mtoto yule. Aliinua mguu. Nikamsikia anasema taratibu, "Haya, haya, nakujua." Likashika. Tulifika hospitali Nasra bado analia, na sikuwahi kufurahi hivyo kusikia mtoto wangu akilia. Daktari alikuwa yule yule. Alitundika dripu, akampa dawa ya maumivu, akamwambia Khamis, "Safari hii mmewahi." Tulilala naye siku chache, tukarudi.

Khamis alimpigia Bi Mize kumshukuru. Hakuuliza habari za gari, aliuliza mtoto amekula nini.

Lililobaki ni la juzi, nalo ndilo hasa lililonifanya nikae niandike. Nilikuwa nafua uani, Khamis bado shuleni, nikasikia mtu anapiga hodi na salamu ndefu. Ni Seif. Amekuja peke yake kutoka Kiuyu kwa gari za abiria, amekumbatia gunia. Nikamkaribisha barazani, mkwe wangu akaja kukaa nasi. Hakunywa chai. Akafungua gunia akatoa shokapu mbili mpya, bado zina mafuta ya dukani na karatasi.

"Nimezikuta chini ya kitanda cha baba," alisema. "Alishazinunua. Hakuwahi kuzifunga."

Nikamuuliza tumpe nini. Akatikisa kichwa. "Zilinunuliwa kwa ajili ya gari. Gari liko kwenu."

Mkwe wangu akamwambia, "Ulikuwa umekasirika, baba. Tumesikia." Watu wa huku husema jambo namna hiyo, wakaliacha mezani.

Seif alitazama chini. Akasema polepole, "Sikukasirikia fedha, Bi. Watu wanadhani fedha. Mie kila nilipomsikia mama akisema linasita, linavuja, limezibwa bati, nilikuwa namsikia baba. Alikuwa hivyo hivyo mwisho wake. Mguu wa kushoto, kifua, kila mahali pamezibwa. Nikaona anaanikwa mbele ya wageni wapunguze bei. Baadaye ndiyo nikafahamu. Mama amekaa na gari lile na mzee yule, na aibu zao zote alikuwa anazijua. Mie ndiye nilikuwa sizijui."

Mkwe wangu alimsogezea kikombe, na safari hii akanywa.

Adhana ya alasiri ilipolia, Seif alisimama, akalitazama gari pale lilipoegeshwa, akaniuliza kama anaweza kulipeleka hadi msikitini. Msikiti wetu si mbali, Baba, hata mtoto hutembea. Nikampa funguo. Aliingia, akakaa, hakuwasha. Alivuta kiti mbele, akakirudisha nyuma, akagusa usukani juu na chini. Kisha akawasha, akaondoka polepole. Mkwe wangu alisema, "Anakwenda kusali na baba yake." Akarudi sala ilipokwisha, akaliegesha pale pale, akanirudishia funguo kwa mikono miwili. Khamis alimkuta, wakalala chini wote wawili kuzifunga zile shokapu, na walipomaliza walikuwa wanataniana kama mashemeji.

Nimemaliza. Kama bado unaona tumekosea, niandikie useme wapi, nitasoma mara mbili. Mwambie Zena, mdogo wangu anayekubeba wewe na nyumba nzima, kwamba kitambaa chake nimekipata na nitamtumia na mtu anayekuja Tabora. Nisalimie Mama Mdogo, na shangazi wa Ng'ambo ikiwa mnasemezana. Nisalimie na yule jirani wa duka anayekusomea magazeti. Mkwe wangu anakusalimu na anasema karafuu alizokuahidi anazikausha. Khamis anakushika miguu. Nasra ameomba nimwachie nafasi aandike mwenyewe chini hapa, lakini amelala huku kalamu iko mkononi, nami sitamwamsha.

Mungu akuweke, Baba, na goti lako lipate nafuu.

Binti yako,
Mwajuma